Chai ya Mzazi Niliyokuwa Nikiionja

Leo nimeaibika, wenzangu. Nimeaibika mchana kweupe, nyumbani kwangu, na leso mpya mwilini. Mwanajuma na Bi Khadija, kaeni kitako kabla hamjasoma. Kama miwani ya Bi Khadija bado haijatengenezwa, soma wewe Mwanajuma, lakini funga mlango kwanza.

Nianze na waliokuwepo. Mwanijua, mimi bila majina siwezi kusema hata habari ya mvua.

Chumbani alikuwepo Zena, kitinda mimba wangu, ambaye leo ametimiza arobaini yake ya uzazi. Mapajani mwake, mwanawe wa kiume, Idrisa. Mkabala naye, Bi Rukia wa Kibarani, Kilifi, mama wa Salim aliyemuoa Zena, yaani mkwe mwenzangu. Ubavuni mwa Bi Rukia, dada yake Mwanaidi, ambaye hakuna aliyemwita. Nyuma yao mwanamke mmoja wa Watamu waliyekuja naye, jina lake Barke. Upande wa dirishani, wifi yangu Mwana Saida, dada wa marehemu mume wangu, na miaka yake sabini na kitu. Kando yake Asha, mke wa mwanangu Athumani, na binti yao Tima wa miaka minne. Mlangoni kabisa, Kadzo, jirani yangu, mtu wa Marafa, mwenye yule mbuzi. Na nje barazani, nyuma ya pazia, wanaume wawili: Maalim Yahya aliyemsomesha Zena Kurani, na shemeji yangu Shee Omari. Salim mwenyewe hakuwepo. Yuko kazini Mombasa, bandarini.

Hao ndio walioniona. (Pazia halizuii masikio, basi na wale wawili wa barazani wahesabuni.)

Sasa kisa.

Mwajua Zena alizaa kwanza binti, Maimuna. Mwajua pia alivyokwenda yule binti. Zena alishikwa na homa ya uzazi, ziwa likakauka, na Bi Rukia akamchukua mtoto Kibarani kumlea kwa maziwa ya kopo. Hakumchukua kwa ubaya. Lakini maji ya kisima, na chupa moja, na kopo linalozidishiwa maji ili lifike mwisho wa mwezi. Tumbo likamharibikia. Miezi mitatu tu. Sitayaandika zaidi, mkono wangu si mwepesi hivyo.

Idrisa alipozaliwa, ziwa la Zena likaja kwa uvivu. La kulowesha midomo tu. Siku ya saba Salim akaja, akaketi, macho chini, akasema kwa adabu:

"Mama, tungoje arobaini. Zena akiwa hana ziwa la kumtosha mtoto, mama yangu atamchukua Kibarani."

Nikasema, "Sawa baba." Nikaingia jikoni nikalia ndani ya sufuria.

Kisha nikapika chai.

Uwatu naulowesha maji tangu jana yake. Asubuhi nauchemsha na shamari, bizari nyembamba, tangawizi kavu ya kuponda, kijiti cha mdalasini, na pilipili manga saba. Naiacha itokote mpaka inapungua nusu, ndipo natia sukari guru. Inatoka nzito, chungu, rangi ya mbao ya zamani. Ni chai ile ile aliyonipikia marehemu mama, na watoto wangu sita wote walinyonya mpaka wakanichosha.

Na mwajua desturi ya kwetu: anayempikia mzazi sharti atangulie kunywa yeye, mzazi akimtazama. Mzazi yuko wazi, macho ya watu ni mengi, basi unakunywa ili moyo wake utulie. Wengine hugusa kwa ncha ya ulimi tu. Mimi, kwa sababu ya Maimuna, sikutaka mtu aje aseme Mwanatumu alionja kwa hila. Nikawa nakunywa bakuli zima. Asubuhi bakuli. Mchana bakuli. Jioni bakuli. Tangu ile siku ya saba hata leo.

Na Zena? Mafunda matatu, mawili yanarudi.

"Mama, inanuka."

"Dawa ndiyo inavyonuka. Kunywa."

"Mama, hata wewe sasa wanuka."

Kweli nilinuka. Jasho uwatu, nguo uwatu, mto wa kulalia uwatu. Siku moja nilipita dukani kwa muuza viungo, akatoka nje kutazama ni gunia gani limepasuka.

Idrisa tukawa tunamtafutia. Ziwa la mama yake kidogo. Kijiko cha maziwa ya mbuzi wa Kadzo, yakichemshwa mara mbili. Bi Rukia aliposikia habari ya mbuzi alituma salamu kutoka Kilifi: "Mwambieni Bi Mwanatumu, mjukuu wangu hana pembe." Nilimeza. Mtoto alikuwa mwepesi mno. Ukimwinua, mkono wako unakwenda juu kuliko ulivyokusudia. Mama wa wana sita anaujua uzito huo, hauhitaji mizani.

Tena alikuwa mtoto wa kulia. Zena akichoka, anamlaza tu pembeni na kutazama ukuta. Basi mimi namchukua chumbani kwangu, nafunga mlango, nampa ziwa langu la kumpumbaza. Kavu. Nyanya wangapi wamefanya hivyo? Hata wewe Bi Khadija ulimfanyia Nuru wa binti yako, mwaka ule wa mafua, usikatae.

Jumanne iliyopita akanyamaza.

Nikadhani amelala. Hakulala. Alikuwa akimeza. Kungu. Kungu. Nikamtoa, nikamtazama kinywa. Cheupe. Nikajitazama mimi. Nilikaa juu ya kitanda changu cha kamba kama mtu aliyeingia jikoni mwake akakuta mgeni anapika.

Miaka hamsini na nane! (Kitambulisho kinasema sitini na tatu, lakini aliyekiandika hakuwepo nilipozaliwa.)

Mtauliza, kwa nini sikusema. Nimwambie nani? Zena alikuwa akihesabu matone yake kama mtu ahesabuye shanga. Nimwambie, mwanangu, maziwa yamekuja ila yamekosea nyumba? Nikamrudisha mtoto ziwani, nikafunga mdomo wangu. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Alhamisi hiyo hiyo Zena alikuwa amempeleka kliniki, na ule mstari wa uzito kwenye kadi, uliokuwa umelala tangu mwanzo, ukainuka urefu wa ukucha. Zena alirudi mbio, buibui linapepea. "Mama, chai imefanya kazi!" Nikamwambia, naam, imefanya. Je, ni mimi, ni Zena, ni mbuzi wa Kadzo? Mungu ndiye ajuaye.

Ijumaa nikawa huko kwenu Mambrui, matangani kwa marehemu Mzee Shali, tangu asubuhi hata magharibi. Mwakumbuka mlinishika kipaji mkasema nina homa, mkanipa panadoli. Haikuwa homa, wenzangu. Jumamosi nikampa tena. Na leo, Jumapili, ikawa ndiyo arobaini.

Tangu alfajiri nyumba imejaa. Sikupata nafasi hata ya kufunga mlango wa chumba changu. Nikaoga, nikavaa leso nyeupe yenye ua jekundu, ile aliyoniletea Bi Rukia mwenyewe leo hii kutoka Kilifi. Nyepesi. Nyeupe. Sikufikiri. (Kichwa kinachokumbuka majina ya watu wote wa Malindi hakikukumbuka kifua chake.)

Maalim akasoma dua barazani. Wanawake wakaketi. Na kwa kuwa habari ya mstari wa kliniki ilikuwa imekwisha kuenea, kila mtu alitaka hiyo chai. Nikawagawia wote, na kaimati. Wakanywa mpaka mwisho, kwa heshima. Hata Mwanaidi, akikunja uso, alinywa.

"Chai hii yaweza kusimamisha maiti," alisema Mwana Saida akilamba midomo. "Niongeze, wifi."

Nikamwongeza. Nikaketi katikati yao, bakuli mkononi, najiona malkia.

Ndipo Bi Rukia akafuta mikono yake, akasema taratibu:

"Zena, mwanangu. Leo ni arobaini. Mnyonyeshe nione."

Zena akanitazama mimi, si yeye. Akamweka Idrisa ziwani. Mtoto akashika, akavuta mara tatu, nne, akaachia. Akalia. Zena akambadilisha upande. Akavuta, akaachia. Akalia kile kilio chake chembamba, cha kukata kamba. Nani angetoa maziwa huku ametazamwa na watu wanane?

Mimi ningetoa. Mimi nilitoa.

Wenzangu, mwili hauna haya. Mtoto alilia mara ya pili tu, nikahisi joto limeshuka kifuani kama mtu aliyemwagiwa maji ya kuogea. Nikabana mkono. Nikainamisha bakuli mbele. Kumbe naipalilia aibu yenyewe.

"Hawe," akaita Kadzo kutoka mlangoni, kwa kile Kiswahili chake cha bara; kwao nyanya ni hawe. "Hawe, leso yako imelowa."

"Ni chai," nikasema. "Imenimwagikia."

"Chai gani nyeupe?"

"Nimetia maziwa."

"Hawe, na upande ule mwingine nao umetia maziwa?"

Nikatazama chini. Pande zote mbili! Duara mbili, kubwa kama vitumbua, sawa sawa kama zimepimwa kwa uzi. Na kutoka upande wa kulia tone moja likateremka, likafika magotini kwangu, mbele ya watu wote, polepole, kama lenye nafasi ya siku nzima.

Kisha nikasikia sauti. To. To. To. Ni mabakuli yakiwekwa chini. Wanawake wote, mmoja baada ya mmoja, waliweka mabakuli yao sakafuni na kujitazama vifua. Mwana Saida, miaka sabini na kitu, alijifunika kwa mikono miwili.

"Wifi," akasema kwa sauti ya kufa, "mimi nimekunywa mawili."

Barke wa Watamu ndiye aliyeanza kucheka. Asha akafuata, akajificha nyuma ya Tima. Barazani Shee Omari akauliza, "Kuna nini ndani?" na Mwanaidi, ambaye hakuna aliyemwita, akamjibu kwa sauti ya mnadani:

"Bi Mwanatumu ana ziwa!"

Naye Shee Omari, Mungu amsamehe: "Basi hongera. Serikali inagawa maziwa shuleni, shemeji anagawa nyumbani."

Nilitaka sakafu ifunguke. Haikufunguka. Ilikuwa imepigwa simiti mwaka jana.

Lakini Zena hakucheka. Alikuwa amemshika mtoto, ziwa lake bado liko nje, kavu, ananitazama.

"Mama. Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Na mstari wa kliniki?"

Zena akafunga nguo yake kifungo kimoja kimoja. Vifungo viwili vya mwisho akavikosea. Alikuwa na jambo moja tu la kumfurahisha tangu Maimuna afe, ule ukucha mmoja wa mstari, na mimi nimemnyang'anya mbele za watu.

Bi Rukia akasimama.

"Basi nimeona. Mwanao hana ziwa, Bi Mwanatumu. Tulisema arobaini, na leo ni arobaini. Asha, nipatie ule mkoba wa nguo za mtoto."

"Mkwe mwenzangu, keti kwanza."

"Niketi nifanye nini? Ninywe chai?"

Na hapo Mwanaidi akapata lake jingine. Akashika kichwa. "Subhanallah! Hamfikiri! Kama nyanya amemnyonyesha mjukuu, mtoto amekuwa mwanawe. Na Zena ni mwanawe. Basi Zena ni dada wa mtoto wake! Salim amemuoa dada wa mwanawe! Ndoa imekwenda!"

Zena akatoa sauti ambayo sikumsikia akiitoa hata alipokuwa akizaa.

"Maalim!" nikaita. "Maalim Yahya, tuokoe!"

Pazia likatikisika. Maalim akakohoa. Mnamjua, ni mtu wa haya, hata samaki jike hamtaji. Na leo ilimbidi aniulize mimi, mke wa marehemu rafiki yake, habari ya kifua changu, kupitia pazia la maua.

"Ndoa haikuguswa," akasema. "Bi Mwanaidi, punguza sauti. Ndoa ya Salim ni nzima. Ila tutazame habari ya mtoto. Bi Mwanatumu... samahani... una umri gani?"

"Hamsini na nane."

"Sitini na tatu!" akadakia Shee Omari.

"Haidhuru," akasema Maalim. "Ziwa ni ziwa. Sasa, akinyonya mara tano, kila mara akashiba mwenyewe akaacha, amekuwa mwanao, sawa na uliowazaa. Ikiwa chini ya tano, si kitu. Amebaki mjukuu tu. Je, ni mara ngapi?"

Bi Rukia alikuwa amekwisha ushika mkoba. Akageuka. "Naam, ni mara ngapi? Wewe ndiye usiyesahau."

Ni kweli. Malindi yote yajua. Watu huja kwangu kuuliza babu zao walizikwa siku gani. Nikafunga macho, nikahesabu kwa sauti, na kila nilichotaja kilinizidishia aibu.

"Jumanne, saa nne ya asubuhi. Kadzo alikuwa akimfungua mbuzi wake."

"Kweli," akasema Kadzo, "mlango ulikuwa na komeo."

"Jumatano, adhuhuri. Asha aligonga, kaleta samaki changu wawili."

"Mama! Uliniambia waswali!"

"Alhamisi, Zena aliporudi kutoka kliniki akalala. Na Jumamosi, alasiri, shemeji Omari alipokuja kuazima ngazi."

"Kumbe ndiyo maana uliniambia ngazi haipo," akasema Shee Omari barazani.

"Hizo ni nne," akasema Maalim.

"Ni nne," nikasema.

Nne. Nilipolitamka neno lile nikajua nimefanya nini. Bi Rukia akanyoosha mikono.

"Nne si tano. Ni mjukuu wako, na ni mjukuu wangu, na miadi ni miadi. Zena, nipe mtoto. Gari la Kilifi halitungoji."

Nikaiona tena ile chupa. Ile ya Maimuna, na ule utando wa kijani shingoni mwake, uliobaki dirishani Kibarani hata baada ya mazishi. Nikaona nina maziwa kifuani yanaganda na siwezi kumzuia mtoto mmoja asitoke mlangoni mwangu.

"Ni tano."

Alikuwa Zena.

Alisema hivyo bila kuinua uso. "Mama amesahau moja. Ijumaa. Nilikuwa nimetoka kuoga, mlango haukufungwa vizuri, nikaona. Alishiba, akaacha mwenyewe, akacheua. Ni tano."

Ijumaa, wenzangu.

Nilifungua mdomo. Mwanijua mimi, mtu akisema Ijumaa na jambo ni la Alhamisi, nitamsahihisha hata kama ni khatibu juu ya mimbari. Ulimi ulikuwa umekwisha inuka. Nikamtazama Zena. Macho yake yalikuwa mekundu, na yalikuwa yakiniomba.

"Bi Mwanatumu," Maalim akaita, "wasemaje?"

"Maalim," nikasema, na sauti yangu ikatoka ndogo kama ya Tima, "nimesahau."

Mwana Saida akaguna. Barke, ambaye hanijui, hakuona ajabu. Lakini Asha alinitazama kama mtu aliyeona ukuta umeinama. Maziwa kulowa leso ni aibu, sikatai. Lakini katika maisha yangu yote sikuwahi kulisema neno lile mbele ya watu. Leo nimelisema. Kesho mjini watasema Mwanatumu ameanza kuchanganyikiwa, na mtu atakayetaka kujua babu yake alizikwa lini ataenda kwingine.

Maalim akakohoa tena. Sijui alifikiri nini. Kisha akasema, "Basi ni mwanawe. Bi Rukia, tufahamiane. Mtoto huyu ana mama aliyemzaa na mama aliyemnyonyesha, wote chini ya paa moja. Kitoto cha siku arobaini chenye mama wawili kiende Kilifi kikanywe kopo, kwa sababu gani?"

Nilingoja Bi Rukia ajibu kwa ukali. Aliketi chini, mkoba mapajani, akaanza kuzikunja upya zile nguo ndogo ambazo zilikuwa zimekwisha kunjwa.

"Yule wa kwanza nilimwosha kwa mikono hii," akasema. Hakumwambia mtu. "Mwadhani nalipenda kopo? Sikuwa na kitu kingine cha kumpa."

Nikamtazama yule mwanamke niliyemchukia miaka miwili. Tumezika pamoja na hatukuwahi kulia pamoja. Hata leo hatukulia. Nilimpa kitambaa tu, akapokea.

Asha ndiye aliyekumbuka jingine. "Haya, na Tima wangu? Athumani na Zena walikwisha ahidiana, watoto hawa wakikua tuwaozeshe."

"Tima," akasema Maalim, na naapa nilisikia akizuia kicheko, "amepata ami."

Mwana Saida akamsukuma mtoto mgongoni. "Nenda mwamkie ami yako."

Tima, na adabu zake, akaenda mpaka kwa kile kitoto, akainama. "Shikamoo ami."

Ami akatoka udenda.

Hapo kila mtu akacheka, hata Bi Rukia kidogo, na hata mimi, ila leso yangu ilikuwa imeanza kunata kifuani na kunuka uwatu, na Zena alikuwa amekwisha ingia chumba cha ndani na kufunga mlango.

Waliondoka kabla ya alasiri. Bi Rukia alipovaa viatu akaniambia, "Nitarudi mwezi ujao nimwone," akanishika mkono zaidi ya kawaida. Hawakubeba chai. Nilikuwa nimewafungia kila mtu uwatu wake kwenye karatasi, na karatasi zote ziko hapa, juu ya meza, ninapoandika. Hata Kadzo, niliyemwambia ampe mbuzi, alikataa.

Nikaosha mabakuli. Nikayaosha mara mbili. Mlango wa Zena ulikuwa bado umefungwa, na mtoto anaanza kile kilio chake chembamba. Kifua kinaniuma. Sikuthubutu kubisha. Ningebisha niseme nini? Mwanangu, nipe mtoto wako, ziwa lake liko huku?

Mlango ukafunguka wenyewe. Zena akatoka na Idrisa. Uso umevimba. Hakuketi, alisimama mbele yangu kama alipokuwa mdogo na amevunja kitu.

"Mama, Ijumaa ulikuwa Mambrui."

"Naam. Nilikuwa Mambrui."

"Nimesema uongo mbele ya Maalim wangu."

"Na mimi nimesema uongo. Nimesema nimesahau."

Kisha akainama, akaniwekea mtoto mapajani, akamfunika kichwa na ncha ya ile leso ya Bi Rukia.

"Basi mpe ya tano," akasema. "Nisilale mwongo."

Nikampa. Alinyonya mpaka akashiba, akaacha mwenyewe, akacheua. Mama yake, ambaye tangu leo ni dada yake, aliketi chini, mgongo ameuegemeza magoti yangu. Chai iliyobaki ilikuwa imepoa kwenye sufuria. Akaivuta, akajimiminia bakuli, akaanza kunywa kabla sijaionja. Lilirudi funda moja tu.

Hayo ndiyo ya leo. Msinicheke, na mkicheka msicheke kwa sauti, kuta za Mambrui ni nyembamba. Kama nimekosea jina la mtu, nisahihisheni. Yule wa Watamu, kama si Barke, niambieni ni nani. Kama leso ilikuwa na maua mawili, au Asha alileta changu watatu, niandikieni nisahihishe, nyinyi mna jamaa zenu huku na habari mtazipata.

Lakini ile Ijumaa, wenzangu, mtu akiwauliza, mimi sikufika Mambrui. Matanga ya Mzee Shali yalikaliwa bila mimi. Ile panadoli mlimpa mtu mwingine.